Biskuti za Korosho: Siagi Isitangulie Kuyeyuka

Ukishuka daladala Mwenge jioni, kabla hujavuka barabara kwenda upande wa Vinyago, hukosi kukutana na vijana wanaotembeza korosho kwenye vifuko vidogo. Hatua chache mbele wachongaji wamekaa chini ya mabanda yao, patasi zikilia juu ya mpingo. Mara nyingi tunapita bila kuona kwamba vitu hivi viwili vimekuja kwa barabara moja. Uchongaji ule ni wa Wamakonde, na Wamakonde kwao ni Mtwara, kwenye nyanda za juu za Newala. Korosho nazo nyingi zinatoka hukohuko Mtwara, Lindi na Tunduru, zinapita Somanga na Mkuranga hadi Mbagala, kisha zinaingia mjini. Mkazi wa Mwenge anayetaka kuoka biskuti zenye kitu cha kutafuna ndani yake hana haja ya kuhangaika na lozi za ng'ambo. Kitu kizuri kuliko lozi kinapita mbele ya dirisha la daladala.

Biskuti ninazozisema hapa ni zile tifutifu, zinazovunjika kwa ulimi kabla jino halijafanya kazi. Hazina mayai, hazina hamira, hazina maziwa. Asili yake Ulaya ni Uskoti, na kanuni yao ya zamani ni rahisi kukumbuka: sukari fungu moja, siagi mafungu mawili, unga mafungu matatu, yote kwa uzito. Mtu akisoma hivyo anaona kazi imekwisha. Nami niliona hivyo.

Mara ya kwanza nilioka mwezi wa pili, saa saba mchana, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Nilifuata kila kipimo. Siagi niliiacha mezani ilainike, kama maelezo yalivyosema. Nilipomaliza kuchanganya, donge lilikuwa limelegea kama uji mzito, mikono inameremeta mafuta. Nikalazimisha kukata miduara, nikaiingiza kwenye moto. Kilichotoka ni chapati moja nyembamba iliyoenea trei nzima, kingo zimeungua, katikati mafuta yanachuruzika. Bibi wa nyumba ya jirani, mzaliwa wa Unguja, alikuja kuulizia harufu ya kuungua. Akaitazama ile trei, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Mwanangu, siagi yako imeyeyuka kabla ya moto. Sasa moto utayeyusha nini?"

Swali lile ndilo somo lote la kuoka biskuti za siagi Dar es Salaam.

Siagi ya maziwa huanza kulegea mapema sana, na ikifika nyuzi joto 32 hadi 35 imekuwa mafuta. Kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana Dar es Salaam huzunguka hapohapo kwenye 32, na jikoni penye moto huzidi. Maelezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi yanaposema "acha siagi ilainike mezani", meza yao ina nyuzi 18 au 20. Meza yako Mwenge siyo hiyo. Biskuti inatakiwa iingie kwenye moto siagi ikiwa bado imeganda, ili unga upate nafasi ya kukauka na kushika umbo wakati siagi inayeyuka polepole ndani yake. Siagi ikiwa tayari ni mafuta, hakuna kinachoshikilia, biskuti inamwagika.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu maji. Unga wa ngano ukikutana na maji na ukakandwa, hutengeneza ule mnato unaoifanya chapati ivutike. Kwenye chapati tunautaka. Kwenye biskuti tifutifu tunaukimbia, ndiyo maana hakuna maji wala maziwa, na kazi ya siagi ni kuupaka unga mafuta ili mnato usijengeke. Sasa, siagi ya maziwa ina mafuta takriban asilimia 80 tu, sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Majarini laini za kupaka kwenye mkate zina maji mengi zaidi ya hapo. Soma kopo kabla hujanunua: kama mafuta yaliyoandikwa hayafiki asilimia 80, hiyo ipake mkate. Ukiokea, utapata biskuti ngumu, au iliyotawanyika.

Watu wa pwani walilitatua jambo hili siku nyingi, bila friji. Angalia vileja vya sikukuu: unga wa mchele, samli, sukari na iliki, na juu yake doa la rangi au kipande cha lozi. Samli imeshachemshwa maji yote yakatoka, ni mafuta matupu. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, hata ukiukanda mpaka kesho. Na nankhatai, zilizokuja na Wahindi kupitia bahari hiihii, zinasimama juu ya samli vilevile. Waskoti nao, kwa njia yao, huchanganya unga kidogo wa mchele kwenye ngano ili biskuti iwe na chengachenga. Nilipojua hayo niliacha kuona biskuti hizi kama kitu cha kigeni kinachohitaji jiko la kigeni. Fundi wake yuko nyumba ya pili.

Kabla ya kuoka, tuseme habari za korosho, maana hapo ndipo fedha nyingi inapopotea. Usinunue korosho nzima nyeupe za daraja la juu kwa ajili ya biskuti. Utazikata hata hivyo. Ulizia vipande. Ni korosho ileile, imevunjika wakati wa kubanguliwa, na bei yake huwa chini. Tafuna moja kabla hujalipa. Ikiwa na harufu ya rangi ya mafuta au inakwaruza koo kwa uchungu, mafuta yake yameharibika, na hakuna sukari itakayoificha. Kama zimeshakaangwa na chumvi, basi usitie chumvi nyingine kwenye unga.

Na usidanganyike kununua korosho zenye maganda ukidhani utabangua mwenyewe jikoni. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake ukichomwa unaumiza macho na kifua. Kubangua ni kazi ya ufundi na mitambo, na huko kusini wanawake wengi wanaifanya kwa uangalifu mkubwa. Korosho nyingi za Tanzania bado zinaondoka nchini na maganda yake kwenda India na Vietnam. Kila kilo inayobanguliwa hapa na kununuliwa hapa imeacha ujira mikononi mwa mtu wa hapa, na mimi jambo hilo nalipenda kuliko ninavyoweza kueleza kwenye makala ya mapishi.

Karanga nazo zinafaa, na ni rahisi zaidi kupatikana. Lakini karanga zinadai macho. Karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu, ile tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufa kwa sumu hiyo, iliyokuwa kwenye mahindi waliyokula. Karanga ni zao jingine linaloshambuliwa sana. Kinachotisha ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi: kukaanga hupunguza kiasi tu, na kusaga kunaificha. Kwa hiyo nunua karanga nzima ambazo hazijasagwa, zimwage kwenye ungo mchana kweupe, uchague moja moja. Zilizosinyaa, zenye madoa meusi au ukungu, zilizobadilika rangi, na ile chungu unayoitema, zote tupa. Usimpe hata kuku. Karanga za unga zilizosagwa na mtu usiyemjua ziache.

Sasa vipimo. Vikombe vyetu vya chai havilingani, kwa hiyo kama unaoka mara kwa mara tafuta mizani ndogo ya jikoni. Kwa fungu moja la biskuti, chukua unga wa ngano gramu 240 na unga wa mchele gramu 60, siagi baridi gramu 200, sukari gramu 100, korosho gramu 100, chumvi robo kijiko cha chai, na iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Ukitumia samli badala ya siagi, punguza iwe gramu 160, kwa sababu samli haina maji ya kupunguza nguvu yake. Sukari yetu ya dukani ina punje kubwa ambazo haziyeyuki kwenye donge lisilo na maji, nazo huiacha biskuti na vidoa vya kukwaruza. Isage kwenye blenda mpaka iwe kama vumbi, au itwange kwenye kinu kikavu.

Anza na korosho. Zikaange bila mafuta kwenye kikaango kizito, moto mdogo, ukigeuza muda wote, mpaka zipate rangi ya mchanga wa ufukweni na harufu ijae chumba. Usiziache hata kidogo, korosho huungua ghafla. Ziepue hapohapo uzimwage kwenye sahani, maana kikaango kitaendelea kuzipika. Kisha ziache zipoe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakata korosho za moto na kuzitia kwenye unga, zinayeyusha siagi, tunarudi kwenye lile swali la bibi. Zikipoa, zikate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi au chini yake. Vikubwa sana vitaipasua biskuti wakati wa kukata.

Chekecha unga wote pamoja na chumvi, iliki na sukari. Toa siagi kwenye friji, iwe ngumu, uikwangue kwa kile chombo cha kukwangulia karoti moja kwa moja juu ya unga. Kisha ifikiche kwa ncha za vidole. Viganja viache, vina joto. Unafikicha kama mtu anayepukusa punje za mtama, ukiinua na kuachia, dakika 3 au 4, mpaka unga wote uwe na rangi moja ya maziwa na chengachenga kama mkate uliopukutika. Tia korosho. Chukua konzi moja, ifumbate kwenye kiganja kisha ufungue: ikishikamana na kubaki na alama za vidole, imetosha. Ikimwagika, fikicha kidogo tena. Usitie maji. Ukitumia samli na mchanganyiko ukakataa kabisa kushikana, kijiko kimoja cha chakula cha maziwa baridi kinatosha, na hapo usikande.

Kusukuma donge na kukata kwa kopo kunapendeza macho, lakini kwenye joto letu siyo njia nzuri. Donge linashikwa mara nyingi mno. Fanya hivi: kusanya mchanganyiko uwe mche mmoja au miwili, mnene kama sentimita 4, uviringishe ndani ya karatasi au nailoni safi ya chakula, uulaze kwenye friji saa nzima. Ukitoka hapo ni mgumu kama mti, unaukata vipande vya unene wa sentimita 1 kwa kisu chenye makali. Kila kipande kinaonyesha korosho zake zilizokatika, nyeupe ndani ya donge la rangi ya maziwa, na unajua tayari biskuti itakuwaje. Asiye na friji anunue barafu kwa jirani, aiweke kwenye ndoo, mche aufunge vizuri usiingie maji aulaze juu yake na kufunika. Au atumie samli na aoke alfajiri, wakati sufuria zenyewe zimelala na baridi ya usiku. Mimi huoka saa kumi na moja alfajiri tangu Desemba mpaka Machi hata kama friji ipo.

Mwenye oveni aiwashe kwanza, nyuzi 160, aache ipate moto dakika 15 kabla ya kuingiza chochote. Oveni nyingi za majumbani namba zake hazisemi kweli. Kuijaribu, tandaza kijiko cha unga kwenye trei, uiingize dakika 5: unga ukipata rangi hafifu ya kahawia, moto unafaa, ukiungua, punguza. Panga biskuti ziachane upana wa kidole kimoja na nusu. Zioke dakika 18 hadi 22. Usisubiri ziwe za kahawia juu. Kingo zikianza kugeuka rangi na chini pakawa na rangi ya asali, toa. Zitakuwa laini ukizigusa na utadhani hazijaiva. Ziache kwenye trei dakika 10 bila kuzigusa, zinakauka zenyewe zikipoa. Anayehofia LUKU ajue kwamba oveni ya wati 2000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti 2, na kwa kawaida hujizima na kujiwasha yenyewe, kwa hiyo hula pungufu. Oka mafungu mawili mfululizo oveni ikiwa imeshapata moto. La pili linakuwa na gharama ndogo kuliko la kwanza.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa nzito. Mwaga ndani mchanga safi uliooshwa na kukauka kabisa, kina cha vidole viwili, weka juu yake kisahani cha bati au mafiga madogo ya mawe ili trei isiguse mchanga. Funika, pasha dakika 15 kwa moto wa wastani, ndipo uingize biskuti kwenye trei ndogo. Kisha palia makaa juu ya mfuniko, na kanuni ya wapishi wa pwani haijabadilika: makaa machache chini, mengi juu. Mfuniko uwe bapa na mzima, majivu yasiingie. Baada ya dakika 15 nyanyua mfuniko mara moja kwa uangalifu kuachia mvuke, maana mvuke ukibaki biskuti hazikauki. Zitachukua dakika 25 hadi 30. Jiko la gesi nalo linafanya kazi hiyo kwa sufuria na mchanga uleule, ila bila makaa juu biskuti zitabaki nyeupe upande wa juu. Angalia rangi ya chini ndiyo ikuongoze.

Jiko la mkaa liwe nje, au mlango na madirisha yote yawe wazi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa inaua watu waliolala. Usiliingize ndani jiko lenye makaa yanayokaribia kuzima ukidhani limekwisha nguvu. Hapo ndipo wengi walipopotea.

Ukitaka kuuza, hata dirishani kwako, ujue kwamba tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na TBS, siyo tena ile iliyokuwa TFDA, na wajasiriamali wadogo huanzia SIDO kwa maelekezo. Lakini hata kabla ya nembo yoyote, andika kwa herufi kubwa kwenye kila kifuko: INA KOROSHO, au INA KARANGA. Wapo watu ambao kipande kidogo tu kinawavimbisha midomo, kinawatoa vipele na kuwabana pumzi ndani ya dakika chache. Mtu akionyesha dalili hizo, usimpe maziwa wala maji ya limao kusubiri atulie. Mkimbize hospitali, na kwa watu wa Mwenge, Mwananyamala na Lugalo haziko mbali. Mtoto wa jirani akija mlangoni, muulize mama yake kwanza kabla hujampa. Watoto wadogo, chini ya miaka 5, wasipewe zenye vipande kabisa, kwa sababu kipande cha korosho au karanga kikiingia njia ya hewa hakitoki kirahisi. Kwa ajili yao saga korosho iwe unga mwembamba kabla ya kuichanganya. Biskuti zinakuwa nzuri vilevile, pengine laini zaidi.

Adui wa mwisho ni hewa ya bahari. Biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja wa masika Dar es Salaam asubuhi inapinda bila kuvunjika. Zisubiri zipoe kabisa, saa nzima, kisha zifungie kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana, na ndani yake weka kijifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu. Namna hiyo zinakaa wiki mbili. Zikilegea, zirudishe kwenye moto mdogo dakika 5, ziache zipoe, kisha chukua moja uivunje karibu na sikio. Ikitoa mlio mfupi, mkavu, kama kijiti kikivunjika wakati wa kiangazi, weka chai.